Makorokoro ya Mtaa wa Tanuri

Borsókút, 4 Machi 2012

Mpwa wangu Emőke, mboni ya dada yangu marehemu,

Kabla sijasema lolote pokea afya yangu kidogo, maana ninayo ya kugawa. Baridi ya mwaka huu ilinijia na upepo wake wote, nikairudisha ilikotoka. Bata bukini wazima. Yule jike mkali tuliyempa jina la Mama Mkwe amemtia adabu mbwa wa Lajkó, hata sasa mbwa akitaka kwenda dukani hupitia makaburini. Lajkó mwenyewe, jirani yangu, anakusalimu. Bado anajiita fundi wa kuchomelea, na bado uzio wake umesimama kwa hisani ya wangu. Mama Vilma wa ng'ambo ya barabara anauliza utaolewa lini. Nimemjibu kwamba wanaume wa Graz wanakuogopa, kwa kuwa una sura yangu.

Usisumbuke kupiga simu. Nimeipumzisha. Simu ni ya watu wenye maneno machache. Mtu kama mimi, niliyefika darasa la sita na kulizunguka kwa nje, nahitaji karatasi.

Sasa kuna kijambo, nakitaja ili ucheke tu. Serikali imepunguza posho ya watu waliokaa siku nyingi bila kazi. Ya wenzangu, yaani. Mimi unanijua. Nilikuwa mpuliza vioo, na kabla kiwanda hakijafungwa nilipuliza chupa moja kwa pumzi moja ikawa kubwa hata msimamizi akaingia ndani kula chakula chake cha mchana, mvua ikinyesha nje, na akasahau mlango uko wapi. Mtu wa namna hiyo posho kwake ni chumvi ndani ya bahari.

Juu ya kupunguza wameongeza sharti. Anayepokea posho lazima ua wake uwe safi. Bibi Gizella wa halmashauri atapita nyumba kwa nyumba na baiskeli yake, na akikuta ua mchafu, posho inakatwa yote. Kuipata tena ni kama kumrudisha kifaranga ndani ya yai.

Ua wangu unaujua. Wasiojua wanasema ni jalala, lakini ni makumbusho. Kuna ile nusu ya mashine ya kuvunia, beseni la kuogea la bata, viti vya basi vya kukalia wageni, na milango ya kiwanda niliyoiokoa isiibiwe. Nauliza kwa kutaka kujua tu: huko Graz watu hupeleka wapi vitu vyao vya thamani wasivyovihitaji?

Mjomba wako asiyetikisika,
Dezső


Graz, 22 Machi 2012

Mkono wako naubusu, Mjomba, ingawa najua bata wameshaupitia.

Mimi mzima. Theluji imeyeyuka, miguu imekauka. Nyuma ya bahasha utaona anwani mpya. Chumba cha mwanzo kilikuwa na kelele, basi, hakuna zaidi. Kazi ya hotelini, mashuka ni yaleyale. Mwambie Mama Vilma kwamba nikiolewa nitamwita yeye akaange vitunguu, kwa sharti asiimbe.

Sasa nisikilize. Simu haipumziki, Mjomba, simu hukatwa. Na bahari isiyohitaji chumvi haiandiki kurasa mbili juu ya chumvi.

Nijibu kama Mkristo. Posho yako imepunguzwa au haikupunguzwa? Dawa za kifua bado unapewa? Maana hapa nimekutana na mwanamke wa kutoka kijiji cha kwetu kule, ameniambia posho ikikatwa, kadi ya hospitali nayo inaondoka. Kama ni hivyo huo ua si kichekesho. Uza vile vyuma. Mashine ya kuvunia isiyo na mbele haitavuna kitu mpaka kiama.

Nakutumia glavu za kazi, na kahawa. Glavu ni za kuvaa, usije ukamvisha bata.

Mpwa wako,
Emőke


Borsókút, 15 Aprili 2012

Emőke mwanangu,

Glavu zimefika, kahawa imefika, na maswali yako yamefika. Maswali nimeyasoma mara mbili. Mwandiko wako umependeza sana.

Pasaka ilikuwa njema. Jumatatu yake nilikwenda kumwagia Mama Vilma maji, kama mwanaume anayejua desturi, asije mwanamke wa watu akanyauka. Nilimmwagia kikombe. Akanirudishia ndoo, maji pamoja na ndoo yenyewe. Uvimbe umeshapungua.

Sasa kaa chini, maana nitakayokueleza yatafundishwa vyuo vikuu.

Wiki iliyopita Lajkó aliniita uzioni. Akasema, "Dezső, posho yako imekwisha kufa. Tuitafutie jeneza."

Nikamwambia, "Yako ndiyo itazikwa kwanza. Una matairi mangapi humo ndani, unafuga lori?"

"Gizella anaanza kesho," akasema. "Mwanzo wa mtaa, yaani kwako. Halafu kwangu, halafu kwa Vilma, anashuka hivyohivyo hadi mwisho. Nyumba moja kwa siku. Goti halimruhusu zaidi."

Nyumba moja kwa siku. Mwingine angelisikia neno hilo likapita. Kichwa changu kililidaka kama paka adakavyo nzi. Nikamuuliza, "Lajkó, kesho Gizella akiwa kwangu, kwako atakuwepo nani?"

"Mimi."

"Na keshokutwa akiwa kwako, kwa Vilma atakuwepo nani?"

Akakaa akifikiri. Unamjua Lajkó, akifikiri masikio yanasogea. Kisha akaenda kuleta mkokoteni.

Ndivyo tulivyofanya. Makumbusho yangu yote yakahamia kwa Lajkó. Asubuhi Bibi Gizella akaja, akaegesha baiskeli, akazunguka ua wangu akiwa ameshika kiuno. Nilikuwa nimefagia hata chini ya mti wa plamu.

"Dezső," akasema, "hizi nyasi umezichana?"

"Kwa chanuo la marehemu mama, Bibi Gizella."

"Na ile mashine yako?"

"Mashine gani?"

 Akapanda baiskeli akaenda. Kengele ya adhuhuri ilipolia naye akakaa kwenye supu yake, mtaa mzima ukatoka. Vyangu na vya Lajkó, vyote vikavuka barabara kwenda kwa Mama Vilma. Siku ya pili yake, vyangu na vya Lajkó na vya Vilma vikateremka nyumba ya nne. Meya anapita na gari lake, tunamvulia kofia, mkokoteni umebeba beseni na ndani ya beseni amekaa Mama Mkwe kama malkia, maana amekataa katakata kutengana nalo.

Serikali ina askari, ina mahakama, ina magari meusi. Mtaa wa Tanuri una mkokoteni mmoja.

Mjomba wako mwerevu,
Dezső


Graz, 2 Mei 2012

Mkono wako naubusu, Mjomba.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikacheka mpaka foleni nzima ikageuka, na yule mama wa dirishani akaniuliza kama nahitaji kukaa. Sijacheka hivyo tangu majira ya baridi. Mwambie Lajkó masikio yake yamevuka mpaka, yamefika Austria.

Huku kila mtu ana ua safi na hakuna anayecheka. Jana nilipika maharage na pilipili yetu nyekundu, jirani wa ghorofa ya juu akabisha hodi kuuliza kama kuna moto. Nikampa sahani. Leo amebisha tena, kaja na sahani yake.

Lakini Mjomba, mtaa wetu una mwisho. Nimeukumbuka nyumba kwa nyumba: baada ya ile ya kijani kuna shamba la alizeti, na hapo pana mlinzi. Mzigo ukifika nyumba ya mwisho utakwenda wapi? Na tena, njiani kila mtu anaongeza vyake. Umeupima?

Na bado hujanijibu kuhusu dawa.

Emőke


Borsókút, 27 Mei 2012

Emőke,

Foleni gani? Dirisha gani? Hotelini mashuka siku hizi yanapanga foleni?

Huku wote wazima. Plamu zinaahidi vizuri. Mwaka huu gongo yake itabidi tuifunge kamba isiruke. Lajkó amekatwa nywele na Mama Vilma, anatembea na kofia.

Swali lako la mwisho wa mtaa ni swali la mtu mwenye akili. Lilifika limechelewa siku mbili.

Mzigo ulikua, mwanangu. Ulitoka kwangu ukiwa makumbusho, ukafika nyumba ya kijani ukiwa mkoa. Watu walioishi na vitu vyao vibovu miaka na miaka wakaona hii ndiyo nafasi. Majiko, vitanda vya chuma, friji zenye kuku ndani, mbao, matela, sanamu ya mtakatifu isiyo na kichwa. Mlinzi wa alizeti alitutazama akaanza kufungua mbwa. Basi tukakaa kikao. Ikaamuliwa urudi mahali ambapo Gizella ameshapita siku nyingi na hana sababu ya kurudi. Unajua ni wapi.

Niliupokea kwa moyo mkunjufu. Ulijaza ua toka kisimani hadi dirishani. Asubuhi yake nimesimama natafuta mlango wa choo, nikasikia kengele ya baiskeli getini. Nilitoka nje nikalifunga geti nyuma yangu, nikaegemea.

"Dezső," Bibi Gizella akasema, "nimekuja kukupa hongera. Halmashauri imeamua kurudisha vile vibao vya zamani. Ua wako umeshinda mtaa mzima."

Unavikumbuka kwa bibi yako? Vile vya bati jeupe, "Ua Safi, Nyumba Nadhifu," vya kupigiliwa getini. Jumapili ijayo Meya anakuja mwenyewe kukipigilia, na bendi ya zimamoto, na mpiga picha kutoka mjini.

Nikamwambia Gizella sistahili.

Akasema, "Hata mimi nilishangaa."

Nikaenda kwa Lajkó aupokee mzigo: hataki. Nikaenda kwa Mama Vilma, akanijibu dirishani, "Mimi nimeshapita ukaguzi, Dezső. Usiniletee hata unyoya." Na wana haki, kwa kuwa Meya akiwa mtaani na kamera, nani ajue atageuza shingo wapi? Ua wa kwanza kuonekana ndio posho ya kwanza kukatwa.

Nina mpango. Sitauandika, barua zina masikio. Nalala vizuri. Si usiku wote.

Dezső


Graz, 20 Juni 2012

Mjomba,

Jumapili yenyewe imepita zamani na sijapata neno. Nimempigia Mama Vilma, anacheka tu, halafu analia, halafu anasema, "Mwenyewe atakuandikia," na simu inakatika. Sasa sijui nijiandae kwa lipi.

Labda unaninyamazia kwa sababu ya foleni. Basi nakwambia. Hoteli ilifunga ghorofa mbili, na sisi wa mashuka tukawa wa kwanza kuonyeshwa mlango. Ni tangu Februari. Foleni ni ya wasio na kazi, dirisha ni lao, na yule mama wa dirishani anazungumza na mimi polepole kama ninavyozungumza na mtoto wa jirani. Sikusema kwa sababu kwenye barua zako wewe ulikuwa na afya ya kugawa, na mimi nilikuwa naihitaji hiyo afya, nikaogopa ukijua utaacha kuandika vichekesho uanze kuandika mawaidha.

Kidogo ninachopewa hapa kinakwisha kiangazi hiki. Nimefikiri kurudi nyumbani. Lakini naijua sheria ya kwetu: nyumba moja, posho moja. Nikiandikishwa chini ya paa lako, mmoja wetu hapati, na mwenye kifua kibovu ni wewe. Sitakuja kula kwenye bakuli lako, Mjomba. Kama posho imekatwa niambie imekatwa, nitabaki huku nioshe vyombo popote nikutumie.

Andika hata neno moja. Uongo pia unafaa.

Emőke


Borsókút, 8 Julai 2012

Emőke, mtoto mjinga kuliko wote niliowahi kuwapenda,

Nimechelewa kwa sababu kwanza sikuwa na wino, halafu nikaupata, halafu barua yako ikafika nikawa sina mkono. Sasa umerudi. Bata wazima, Lajkó nywele zimeota, Mama Vilma anakusalimu na anaomba radhi kwa simu.

Jumapili ile basi.

Mpango wangu ulikuwa mlima. Borsókút tangu iumbwe haijawahi kuwa na mlima, tambarare kama sahani. Niliupanga mzigo vizuri, nikautandika turubai, juu ya turubai nikaweka udongo, juu ya udongo mabonge ya majani, na juu kabisa vyungu vya maua vya Mama Vilma, alivyoniazima bila kujua. Lajkó alipouona alivua kofia. Alisema, "Dezső, huu utahitaji jina." Ndege walikuwa wameanza kuhamia.

Saa nne Meya akafika na suti. Akatazama. "Bwana Dezső," akasema, "nimezaliwa hapa, sikumbuki kilima."

"Ulikuwa bado mdogo, Mheshimiwa," nikamwambia. "Kilima, yaani."

Gizella alikuwa nyuma yake, anautazama mlima wangu kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa jikoni. Mpiga picha akasema bendi ipande juu, itapendeza. Nikasema hapana, pana utelezi. Nikasema pana nyigu. Nikasema ni mahali pa kaburi la mbwa wa babu. Nani anamsikiliza mtu mbele ya kamera? Wakapanda wote, matarumbeta na vyote. Wakashika wimbo wa kwanza.

Wimbo ule una sehemu ya ngoma kubwa. Ngoma ilipopigwa mara ya kwanza, mlima ukasema "mm." Ilipopigwa ya pili, mpiga ngoma akashuka mpaka kiunoni. Ya tatu hakuipiga yeye, iliteremka yenyewe mpaka getini. Turubai likapasuka, tarumbeta moja likaingia kwenye friji likiendelea kulia, na Mama Mkwe, aliyekuwa amelala kwenye beseni lake tangu jana, akatoka chini ya ardhi mabawa wazi, akamkuta Meya.

Bata akakamatwa. Mlima wote umelala wazi mchana kweupe.

Meya akajifuta. "Haya ni ya nani?"

Mwanangu, mimi nina jibu la kila kitu, unanijua.  Lakini hapo niliiona posho inavuka barabara, na dawa zimeshikwa mkono nayo. Nikasema, "Ni..."

"Matairi ni yangu," Lajkó akasema.

Nikageuka. Kavua kofia, nywele zile za aibu, watu wote wanaziona. Akaenda akachukua tairi moja akaliweka begani.

Mama Vilma akasogea. "Jiko ni langu. Vyungu pia ni vyangu, na hilo tutazungumza baadaye, Dezső." Akashika jiko mguu mmoja.

Mzee wa nyumba ya kijani akasema kitanda chake. Mkewe akasema na godoro. Mtaa mzima ukaingia getini, huyu friji, yule mbao, wanagombania mtakatifu asiye na kichwa: "Ni wetu." "Wenu lini? Wenu alikuwa na mikono." Kila mmoja anadai, kila mmoja anabeba, mbele ya kamera.

Meya akapaza sauti. "Mnaelewa mnachosema? Nyua zenu zote zitakuwa chafu. Sheria ni sheria, posho zenu zote zinakatwa. Bibi Gizella, waandike."

Bibi Gizella akafungua mkoba, akaufunga. Akasema polepole, "Mheshimiwa, kile kigari cha pembeni cha pikipiki ni cha marehemu mume wangu. Nilimwachia Lajkó anitunzie, sikuwa na roho ya kukiona kila asubuhi."

"Wewe ndiye mkaguzi."

"Ndiyo maana nimekitambua."

Meya akatafuta mtu wa kumtazama. Ndipo Mama Vilma akauliza, sauti ya asali, "Na hizi mbao zenye picha yako, Mheshimiwa, za ule uchaguzi, tulizozikuta mtaroni, ni za nani? Tuzibebe tuzipeleke kwako?" Akainua moja. Meya anatabasamu pale, kijana, meno yote. Mpiga picha akainua kamera.

 Meya akaiangalia kamera. Halafu akamgeukia kiongozi wa bendi, aliyekuwa anamvuta mwenzake kwa ukosi, akasema, "Pigeni muziki, mnasubiri nini?" Akachukua nyundo, akakipigilia kibao changu getini, akajigonga kidole mara moja tu. Kimekaa upande, lakini kimekaa.

Sasa maswali yako ya Machi. Ndiyo, imepunguzwa, tena sana. Ndiyo, simu walikata. Dawa napata. Posho ipo, ndogo kama ukucha, lakini ipo, na ya kila mtu mtaani ipo. Umesikia? Hapo sijatia chumvi, kwa mara ya kwanza tangu kipaimara changu.

Wiki iliyopita Bibi Gizella alikuja na toroli kuchukua kigari cha mumewe. Nikamsomea barua yako, usinikasirikie. Alikaa ndani ya kile kigari, mikono magotini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Sheria inasema nyumba moja," akasema. "Lile jengo la jiko lako la kiangazi pale uani, mlango wake unatazama wapi?"

"Barabarani."

"Lina bomba la moshi?"

"Linalo."

"Lina paa?"

"Lilikuwa nalo."

"Sikuuliza lilikuwa na nini, Dezső. Mlango wake, moshi wake, paa lake, hiyo ni nyumba, na mimi nitaiandika nyumba ya pili. Bila paa ni ukuta na mdomo wa mjomba."

Kwa hiyo nakuandikia nikiwa juu, nimekaa kwenye boriti, karatasi iko kwenye goti. Lajkó yuko chini ananirushia vigae na matusi kwa zamu. Mama Vilma anapaka chokaa ndani na anaimba, vumilia. Upande wa magharibi umekwisha. Wa mashariki bado unaona mbingu. Panda treni ya Jumamosi. Kama mvua itatutangulia, utalala kwangu, na mimi nitalala kwako.

Mjomba wako na jirani yako,
Dezső